Bafu Letu na Jiwe la Mama

Bafu letu la Malangali, hapa Sumbawanga mjini, lilijengwa na watu wembamba. Sina ushahidi, lakini nimeishi nalo miaka kumi na moja na sioni maelezo mengine. Mlango wake ulikuwa unafunguka kwa ndani na kugonga sinki la choo. Ili uufunge ilibidi ujibane pembeni, uvute tumbo ndani, kisha uusukume kwa kiwiko. Sehemu ya kuogea ilikuwa kwenye kona, imezungushiwa kizingiti cha saruji kinachokaribia goti, na juu yake bomba la mvua ambalo kazi yake kubwa ilikuwa kuwafurahisha wageni. Maji ya tangi ya Sumbawanga mwezi wa saba si ya kusimama chini yake mtu mwenye akili timamu. Tulikuwa tunachemsha maji kwenye jiko la nje, tunachanganya kwenye ndoo, tunaibeba ndoo kupitia mlango wa nyuma, tunavuka sebule nzima mpaka bafuni. Njiani tunamwaga kidogo, tunalaumiana, halafu tunaoga.

Mume wangu ni mtu wa mwili. Alipokuwa akioga nyumba nzima ilijua: kiwiko ukutani, kisigino kwenye kizingiti, kopo chini, halafu jina la Bwana, lililotajwa kwa namna ambayo si sala. Mimi nilikuwa nacheka jikoni. Zamu yangu ikifika, naye alikuwa anacheka sebuleni.

Mama yangu alikuja kwetu baada ya Pasaka. Alikuwa anaishi peke yake kijijini Msanzi, kwenye nyumba aliyojenga na marehemu baba, na shamba lake la ulezi ambalo hataki mtu mwingine aliguse. Siku moja aliteleza nyuma ya nyumba akakaa chini pale pale, goti limegoma, mpaka jirani alipopita kuomba moto. Habari zilinifikia siku tatu baadaye. Nilipiga simu nikamgombeza mama yangu mzazi kwa sauti ninayotumia kwa wanafunzi wangu wa kidato cha pili, kisha nikakata simu nikalia, kwa sababu nilikuwa nimeogopa sana.

Alikuja na begi moja. Kila aliyeuliza alijibiwa kwamba amekuja kusalimia. Ndani ya begi kulikuwa na vitenge viwili, rozari, sweta, na jiwe lake la kusugulia miguu, limefungwa kwenye kipande cha gunia. Jiwe hilo ni jeusi, lina vitundu vitundu, upande mmoja umelika kwa kusugua visigino. Nililikuta duniani nilipozaliwa. Nilimnunulia brashi nzuri ya plastiki yenye mpini, akaishukuru, akaitumia kusugua viazi. Alikuwa anaoga, anasugua miguu kwa jiwe lake, analikausha juani, analifunga tena kwenye gunia na kulirudisha ndani ya begi. Begi lenyewe lilikaa nyuma ya mlango wa chumba chake, zipu imefungwa. Kila nilipoingia kumwamkia asubuhi nililiona, na nilijua maana yake. Mtu aliyehamia kwako haweki jiwe lake begini.

Miezi miwili ya kwanza ilikwenda vizuri. Kisha mume wangu akastaafu.

Alikuwa msimamizi wa barabara za vumbi, mtu wa kuondoka alfajiri na kurudi na udongo wa nusu ya mkoa kwenye viatu. Sasa alikuwa nyumbani. Alivuta kiti chake kikubwa akakiweka karibu na tundu la umeme, akachomeka redio, akakaa. Nilimwambia atafute shughuli. Alisema anapumzika, na kwamba miaka thelathini ya mashimo haipumzishwi kwa wiki moja. Nilikwenda shule nikamwacha hapo, nikarudi nikamkuta hapo.

Karibu na wakati huo mama alipunguza kuoga. Mwanzoni alisema ni baridi, na baridi ilikuwepo kweli, ile ya asubuhi ambayo watoto wa shule wanaandika huku wamevaa glovu. Baadaye nikagundua anachukua maji kidogo kwenye beseni, anajifungia chumbani na kujipangusa kwa kitambaa. Mwanamke aliyenifundisha mimi kuoga mara mbili kwa siku, hata wakati tulipokuwa tunateka maji bondeni! Nilipomuuliza aliangalia pembeni.

"Bafu lenu dogo, mwanangu," alisema. "Goti langu linagombana na kile kizingiti."

Wiki iliyofuata aliongeza kwamba mwezi ukiisha atarudi Msanzi. Alisema ulezi wake haujapurwa. Ulezi ulikuwa umeshapurwa, na jirani alikuwa amenitumia hata picha ya magunia, lakini sikumwambia kwamba najua. Nilihesabu siku zilizobaki zikawa ishirini na tatu. Niliapa kwamba mama yangu hataondoka nyumbani kwangu kwa sababu ya kizingiti.

Hapo ndipo nilipoanza kuwa msumbufu. Mimi ni mwalimu wa hisabati. Nilichukua karatasi ya miraba nikapima bafu kila upande, nikachora michoro minne, mmoja kwa kalamu za rangi. Niliota bafu kama la mdogo wangu wa Dodoma, ambaye ana sehemu ya kuogea yenye kuta za kioo na mlango wa kuteleza. Mume wangu aliangalia mchoro kwa heshima zote.

"Hiki ni kioo?"

"Ni kioo."

"Mimi niingie kuoga ndani ya kabati la vyombo?"

Yeye alitaka bomba la umeme la kupasha maji, basi, mengine yabaki. Nilimwambia bomba la umeme halitapunguza kizingiti. Alisema kizingiti kinaweza kukatwa na patasi mchana mmoja. Nilimwambia maji yatakuja sebuleni. Alisema sebule nayo ioge. Tuliendelea hivyo siku kadhaa, na sitasema kwamba hatukufurahia.

Jumuiya ilipokuja kusali kwetu Jumamosi, akina mama walisikia kwamba tunarekebisha bafu. Baada ya rozari walitaka kuliona. Waliingia wawili, wa tatu akajaribu, mlango ukawa haufunguki wala haufungiki, na sisi tuliokuwa nje tukalazimika kusubiri mpaka aliyekuwa katikati akalie sinki ili wengine wapate pa kugeukia. Walitoka na mapendekezo saba. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka wake, anamenya karanga, hakutoa pendekezo hata moja. Niliona kimya chake nikadhani ni adabu ya mgeni.

Fundi alikuja Jumatatu. Alikuwa mwembamba, jambo lililonitia wasiwasi. Nilimpa michoro yangu minne, akaisoma yote, akaikunja vizuri na kunirudishia.

"Mwalimu, hii ni kazi safi. Lakini karatasi haiogi. Kila anayetumia bafu aingie, aoge, mimi nione."

"Aoge?"

"Na nguo zake. Aigize tu."

Kwa hiyo mume wangu aliingia, amevaa suruali na sweta, akainama, akateka maji yasiyokuwepo kwa kopo lisilokuwepo, akajimwagia, akagonga kiwiko ukutani kwa nguvu za kweli na kumtaja Bwana. Fundi aliweka alama kwa chaki. Nami niliingia, nikajisugua mgongo mbele ya mwanaume nisiyemjua huku nikishukuru kwamba hakuna mwanafunzi wangu anayepita. Alama nyingine ya chaki. Kisha fundi akauliza, "Na bibi?"

Tulimgeukia mama. Alivuta kitenge mpaka kidevuni.

"Mimi nioge mbele ya fundi? Na mbele ya baba?"

Baba ni mume wangu. Mama hajawahi kumwita vinginevyo, na mume wangu hajawahi kumpa mkono. Anamsalimia shikamoo kutoka mbali, amesimama, macho yameelekea sakafuni, na mama anaitikia akiwa ameangalia ukuta. Mama ni wa kizazi ambacho mkwe ni mtu wa kuheshimiwa hivyo. Mimi nimezoea kiasi kwamba siku hizi silioni tena jambo hilo, kama mtu asivyoiona pua yake.

"Basi usijali, mama," nilisema. "Nitaigiza mimi kwa niaba yako." Nikaingia tena, nikajifanya mzee, nikachechemea, nikashika goti, nikavuka kizingiti kwa taabu. Niliigiza vizuri hata mume wangu akapiga makofi. Fundi akaweka alama ya tatu. Tulipima watu watatu siku ile, na mmoja wao hakuwemo.

Tulikubaliana: kizingiti kiondoke, sakafu iwe na mteremko, kioo kimoja tu kama ishara ya amani kati yangu na mume wangu. Kazi ianze Jumatatu itakayofuata. Nilimweleza mama kwa furaha. Alisema, "Mungu awabariki, wanangu," kisha akauliza magari ya Msanzi yanaondoka saa ngapi. Nilijifungia jikoni nikakatakata vitunguu ambavyo havikuhitajika.

Kabla kazi haijaanza mume wangu alipata taarifa ya msiba Mpui. Alifunga redio, akavaa koti, akaondoka kwa siku tatu.

Jioni ile ile, bado jua lipo, nilirudi kutoka shule nikakuta sebule ina matone ya maji kutoka mlango wa nyuma mpaka bafuni. Bafuni kulikuwa na mtu anaoga. Alikuwa anaoga kwa fujo, kopo baada ya kopo, na anaimba wimbo wa kanisani, ubeti wa kwanza, kiitikio, ubeti wa pili. Nilisimama na daftari zangu mkononi. Jiwe lilikuwa linasugua kisigino, nililisikia. Mama alitoka amejifunga vitenge vyake, uso unang'aa kwa mafuta, akavuka kile kizingiti kwa kushika ukuta, taratibu.

Kesho yake alioga asubuhi na jioni. Keshokutwa yake vilevile. Bafu ni lile lile, goti ni lile lile, kizingiti ni kile kile. Siku ya nne mume wangu alirudi, akachomeka redio, akakaa. Mama akarudi kwenye beseni.

Mwanafunzi wangu wa kidato cha kwanza angekuwa ameshanyoosha mkono. Mimi mwalimu wake nilihitaji usiku mzima wa kujigeuza kitandani. Asubuhi nilimfuata mama uani, alipokuwa anapepeta mahindi, nikakaa chini karibu naye.

"Mama, ni yeye?"

Aliendelea kupepeta. Niliona aibu imempanda usoni, na aibu ya mama yako haizoeleki, hata uwe na umri gani.

"Yule baba hana kosa," alisema mwisho. "Ni mtu mzuri. Lakini kiti chake kiko pale, mlango wa bafu uko pale. Nipite na ndoo na kitenge mbele ya mkwe wangu? Na nikishaingia, ubao wa mlango wenyewe mwembamba. Maji yanasikika. Yeye amekaa, anasikia mama mkwe wake anavyojimwagia maji. Hapana, mwanangu. Afadhali nikaangukie kwangu."

Aliyasema hayo ya mwisho bila hasira, na ndiyo yaliyoniuma zaidi. Alikuwa amepima mambo mawili, kuanguka peke yake Msanzi na kusikika sebuleni kwangu, akachagua. Nami nilikuwa nachora kioo kwa kalamu za rangi.

Jioni nilimwambia mume wangu tukiwa chumbani, kwa sauti ya chini. Nilitegemea ataumia, au atasema atahamisha kiti, jambo ambalo lisingesaidia kwa sababu sebule yetu ni ndogo na popote utakapokaa unasikia bafu. Alikaa kitandani muda mrefu akivua soksi moja.

"Unadhani mimi naoga saa ngapi?" aliuliza.

Sikuwa najua. Nilikuwa nafikiri anaoga mchana nikiwa shuleni.

"Saa kumi na moja alfajiri. Maji ya tangi, ya baridi, taratibu kama mwizi, kwa sababu nikichemsha nitamwamsha mama. Tangu nistaafu. Na haja nyingine nakwenda kwenye kile choo cha zamani cha shimo." Alivua soksi ya pili. "Nitaogaje, mke wangu, mama amekaa pale na karanga zake anasikia kila kitu? Unajua mimi nikioga ninavyopiga kelele."

Nilicheka mpaka nikauma mto. Watu wawili wazima, kila mmoja anamkimbia mwenzake kwa heshima, mmoja kwenye beseni na mwingine kwenye maji ya barafu, na katikati yao mimi na futi kamba. Naye alianza kucheka. Kisha tukaacha kucheka, kwa sababu zilikuwa zimebaki siku tisa mama aondoke.

Fundi nilimpigia mapema. Alikuja, akasikiliza, hakucheka hata kidogo, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Aliingia bafuni akagonga ukuta wa nyuma kwa vifundo vya vidole. Ng'ambo ya ukuta huo ni uani, hatua sita kutoka jiko la nje.

"Hili bafu halina tatizo la udogo, Mwalimu. Lina tatizo la mlango. Tuzibe huu wa sebuleni, tufungue mwingine huku nyuma, ufungukie nje. Hapo mlango ulipokuwa unazunguka patakuwa pa kuogea. Mtaona ukubwa wake."

Nilielewa mara moja kwamba yuko sahihi, nikakasirika. Sisi ndio tulikuwa watu wa bafu la ndani! Majirani wote wa upande wetu wanatoka nje kuoga, na mimi kwa miaka kumi na moja nilikuwa sitoki. Nilikuwa na bomba la mvua la kuonyesha wageni. Sasa nitoke na taulo uani, kwenye upepo wa Ufipa, nikisalimiana na kuku? Niliuliza kama hatuwezi kuweka milango miwili. Fundi alisema milango miwili kwenye chumba kile itabaki milango bila chumba. Nikauliza kuhusu kioo. Mume wangu alinitazama tu, kwa huruma ya mtu anayejua ameshinda.

"Ziba," nilimwambia fundi.

Na safari hii tulimpima mama mwenyewe. Nilimtuma mume wangu sokoni kununua kitu ambacho nilijua hakipo, fundi akageuka kuangalia barabara, nami nikapanga matofali uani. Mama alikalia tofali moja, akasema goti linalalamika. Akakalia mawili, akanyoosha mguu, akainama kama anasugua kisigino. Akakalia matatu, akasema hapo anakuwa padre kwenye kiti cha altareni. Akarudi kwenye mawili.

"Hapa," alisema.

Fundi alijenga kibaraza cha kukalia cha urefu wa matofali mawili, kando ya ukuta pale mlango wa zamani ulipokuwa, na kingine kifupi cha kuweka ndoo. Kizingiti hakuna. Sakafu inateremka polepole kuelekea kwenye tundu la maji. Kuna chuma cha kushika. Mlango ni wa bati na mbao, unafungukia uani, na kutoka jikoni na ndoo ya maji moto ni hatua sita bila kumwaga tone. Kulikuwa na nafasi hata ya mume wangu kuinua viwiko vyote viwili kwa pamoja. Alinionyesha, amevaa koti.

Saruji ilikauka siku nne kabla ya mwezi kuisha. Mama alisema kazi ni nzuri sana. Begi lilikuwa bado nyuma ya mlango wa chumba chake, zipu imefungwa.

Jumapili tulirudi kutoka misa. Mume wangu aliketi kwenye kiti chake, nyuma yake sasa ni ukuta mtupu, plasta bado ina rangi tofauti. Mama alipita nyuma, nikasikia mlango wa bati. Mume wangu alinyoosha mkono na kuongeza sauti ya redio, sauti kubwa ya taarifa za bei za mazao, na kuanza kusikiliza bei ya maharage kama mtu ambaye maisha yake yanaitegemea. Nilimpenda sana dakika ile, na nilimwambia apunguze, majirani wataona tumepata wazimu.

Jumatatu jioni nilikuwa nasonga ugali wa ulezi jikoni. Mume wangu alitokea mlangoni, taulo begani, sabuni mkononi, ndoo yake imeachwa uani inatoa mvuke. Alikuwa na uso wa mtu aliyefika njia panda.

"Sijaoga," alisema.

"Kwa nini?"

Alishusha sauti. "Mama ameacha jiwe lake bafuni. Liko juu ya kile kibaraza. Siwezi kulishika, ni la mama mkwe. Siwezi kuoga nalo linaniangalia. Nenda ukamwambie amelisahau."

Nilitoka nikaenda bafuni, mwiko bado mkononi. Jiwe lilikuwa pale, jeusi, limelowa, sehemu iliyolika imeelekea juu. Kipande cha gunia kilikuwa kimetandikwa chini yake. Mama hajawahi kusahau kitu maishani mwake. Nilikaa kwenye kibaraza cha matofali mawili nikalia kidogo, kisha nikajifuta kwa mkono wenye unga.

Nilipotoka, mume wangu alikuwa amesimama pembeni ya ndoo yake, anangoja, na maji yanapoa.

"Hajalisahau," nilimwambia. "Tafuta namna ya kuoga nalo."